Kipimo cha Udongo na Mkono Wako

Mwanangu Sifa,

Umeondoka asubuhi kwenda Swima kumuaga bibi yako, nami nimerudi kutoka shambani mapema kuliko kawaida. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako, maana meza umeijaza mizigo: dumu la mawese la mama yako mdogo, mfuko wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na lile sanduku lisilofunga ambalo umelikaza kwa mpira wa baiskeli. Kesho boti inakupeleka Kalemie, dukani kwake. Nimeitazama mizigo hiyo muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Humu hutakuta maneno ya njiani. Usikae ukingoni mwa boti, usile kwa mtu usiyemjua, amka kabla ya mwenye nyumba. Hayo yote bibi yako amekwisha kukwambia leo, tena anayasema vizuri kuliko mimi na kwa sauti ya kusikika mpaka katikati ya ziwa. Mimi nina jambo moja tu. Unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Hata msibani watu huniomba nifupishe. Basi mtu kama huyo akinyamazia jambo moja kwa miaka miwili, ujue ni zito.

Vitunguu vya kundi letu hukuviozesha wewe. Niliviozesha mimi.

Nimeandika mstari huo na kutoka nje kunywa maji, sasa nimerudi. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa mpangilio, kwa sababu sehemu unazozijua na sehemu nilizokuficha zimechanganyika, na nataka uzione zikiwa mahali pamoja.

Unakumbuka siku agronomu, yule bwana shamba wa mradi, alipotuletea kile kipimo cha unyevu wa udongo. Yeye alikiita sonde. Bamama wakakiita Dokta, kwa sababu kinadungwa kisha kinasema kama mgonjwa ana homa. Meno mawili ya chuma, waya, na kisanduku chenye namba. Ulikuwa wa kwanza kuelewa. Sisi wengine tulikuwa bado tunauliza kinakula betri ngapi, wewe umekwisha piga magoti kando ya agronomu na kuchanganya uji wa tope. Alitoboa tundu, akamimina ule uji, akadunga meno, akashindilia kwa ngumi pande zote. Kisha akasimama na kutuambia sote: "Iko inapima tu pale inagusa. Ikiwa na nafasi ndani, hata ndogo, itawaambia mambo ya hiyo nafasi. Musiiguse, musiitoe. Kama imetoka, muite Sifa airudishe na tope."

Mimi ndiye niliyekuwa prezida wa kundi letu la wakulima. Nilirudia maneno hayo kwa ukali wangu wote. Nikasema atakayekitoa atakosa zamu yake ya maji msimu mzima. Watu wakacheka, wakajua sitanii.

Tukakupa wewe kazi ya kusoma. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Namba ikishuka chini ya ile aliyotuandikia agronomu, unasema, "Fungueni," na mlango wa mfereji unafunguliwa. Ikiwa juu, maji yanabaki mtoni Mutambala. Zamani tulihesabu siku tu, kila siku ya tatu maji, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa kipimo tulianza kukaa siku nne, siku tano, na vitunguu vilizidi kunenepa. Nilijivuna sana. Nilijivuna kwa kipimo na nilijivuna kwa ajili yako, na kwa kweli sikuwa naona tofauti.

Sasa sikiliza sehemu usiyoijua.

Wiki ile ulipokuwa Fizi kwa mitihani, walikuja wageni wa ule mradi. Magari mawili. Unajua namna tunavyopokea wageni sisi: bamama wameimba, mbuzi amefungwa pembeni, viti vimeazimwa kanisani. Mgeni mmoja, mama mwenye heshima zake, akauliza kama anaweza kukiona kipimo. Kilikuwa ardhini, juu yake inaonekana waya tu. Ningeweza kumwambia, mama, hakitolewi, ndivyo tulivyofundishwa. Angefurahi hata zaidi. Lakini mgeni ametoka mbali, na mimi nimtambulishe kwa waya? Nikainama, nikakivuta. Kiligoma. Nikakitikisa huku na huku mpaka tundu likapanuka, kikatoka na bonge la udongo.

Na hapo nikafanya la pili. Mgeni hapewi kitu chenye matope mkononi. Nikakipeleka mferejini, nikakiosha, nikakipangusa kwa shati langu jeupe mpaka kikang'aa. Akakishika, wakapiga picha. Nami nimo kwenye picha hiyo, meno yote nje.

Walipoondoka jua lilikuwa kali, watu wamekwenda kula mbuzi, na mimi peke yangu nimebaki na kipimo mkononi. Kuchanganya uji wa tope kulihitaji ndoo, na ndoo ilikuwa jikoni kwa bamama. Ningeenda kuichukua wangeuliza ya nini. Nikakichomeka katika lile tundu lililopanuka. Kikaingia bila shida yoyote, kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Nikajaza vumbi kavu kidogo, na juu nikapaka tope laini kwa kiganja, nikalisawazisha vizuri ili wewe ukirudi usione kitu.

Hilo la kusawazisha juu ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kukitoa ulikuwa upumbavu, na wapumbavu ni wengi. Kupaka tope juu nilifanya kwa akili zangu timamu.

Ulirudi. Siku ya pili ukasoma namba, iko chini. Ukasema wafungue. Siku mbili baadaye iko chini tena. Wakafungua. Na mara ya tatu ulinijia pale kwenye miti ya ndizi, umeshika bonge la udongo, na ninayakumbuka maneno yako mpaka leo.

"Baba, iko namna gani? Dokta anasema udongo iko mukavu. Lakini mi nimeufinya, ona, unashikana. Maji inabaki mu vidole."

Ulikuwa umechimba kwa mkono mpaka kwenye mizizi, kama mama yako alivyokufundisha ulipokuwa na miaka sita. Unakumbuka mchezo wenu? Anakufunga macho kwa kitambaa, anakupa udongo, anauliza, "Huyu ana kiu ao ameshiba?" Nawe unajibu, na ukipatia anakubeba mgongoni mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa natembea nyuma yenu na majembe matatu, nikijifanya nimekasirika.

Nilijua, Sifa. Uliponionyesha lile bonge nilijua papo hapo kilichotokea. Ningeweza kusema maneno matatu tu: nilikitoa, mwanangu, kirudishe. Badala yake nilikwambia, "Mashini haiwezi danganya. We soma namba, andika, basi."

Ukanitazama. Ukaandika.

Hata Mama Apendeki, mjane mwenye matuta yale ya mwisho kule chini ambako maji yote hutuama, alikuja kuniambia, "Prezida, maji imezidi. Miguu yangu inazama." Nikamjibu kwamba anayesoma ni Sifa, amwulize Sifa. Nikakusukumia hata yeye. Nilijiambia kipimo kitatulia chenyewe, udongo utajibana, namba itapanda. Kila asubuhi nilisubiri namba ipande, kama mtu anayesubiri jino lipone bila kung'olewa.

Haikupanda. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Majani yakageuka njano, shingo zikalegea, na siku Mama Apendeki alipovuta kitunguu cha kwanza majani yakabaki mkononi mwake, kitunguu kikabaki ardhini kinanuka. Tuta zima. Kisha matuta ya jirani yake. Alikuwa ametegemea mavuno yale kuezeka nyumba yake mabati kabla ya mvua. Mvua zilimkuta chini ya nyasi zilezile, anasogeza kitanda kutoka kona hadi kona.

Kundi likakaa. Wakauliza, nani alisema tufungue maji? Wote wakakutazama. Nami nilikuwa nimekaa mbele kabisa, kwenye kiti changu cha prezida, nikasema kwa sauti ya upole sana, "Mutoto alisoma vibaya. Tumusamehe." Nadhani waliona nina moyo mkubwa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mtoto husamehewa upesi, lakini prezida aliyevunja sheria aliyoiweka mwenyewe hasamehewi. Nilijidanganya pia kwamba ninaulinda mradi, kwamba wageni wakisikia watachukua kipimo na kukipeleka kijiji kingine. Sababu hazikunipungukia. Ukitaka kuficha jambo, sababu zitakujia zenyewe bila kuitwa.

Hesabu hiyo haikutoka. Hukusamehewa. Ulitaniwa, na utani wa kwetu unaujua, unacheka nao huku unakukata. "Musimupatie Sifa maji ya bugali, ataozesha sufuria." Mama Apendeki akaacha kukujibu salamu. Nawe ukaacha kuja shambani, kwanza Jumamosi, kisha siku zote. Mwaka jana mwalimu wako alipokuja kuniambia una nafasi ya kwenda kusomea kilimo, ulimjibu mbele yangu, "Mi sina mukono ya udongo." Nilikuwa nakula. Niliendelea kula.

Sasa nikwambie namna nilivyohakikisha, usije ukadhani nakupa huruma tu kwa sababu unaondoka. Siku chache baada ya ule mkutano nilikwenda peke yangu kukitazama kipimo. Kilitoka kwa vidole viwili. Hakikuwa na hata punje ya udongo kwenye meno, na ndani ya tundu siafu walikuwa wamekwisha jenga njia yao, wanapita katikati ya meno kama watu wa sokoni. Nikachanganya uji wa tope, safari hii nilikuja na ndoo yangu, nikashindilia kwa ngumi kama alivyofanya agronomu. Nikangoja siku mbili. Namba ikapanda mpaka ilipotakiwa kuwa. Udongo ulikuwa umeshiba maji, kama ulivyokuwa umeniambia.

Kwa hiyo kipimo hakikudanganya, Sifa. Kilipima upepo niliouacha pale, na upepo ni mkavu. Nimekaa na jambo hilo miaka miwili, ninapopalilia, ninapopika. Watu wa kwetu sasa wamegawanyika, wengine wanasema vile vyuma ni uongo wa wazungu, wengine wanasema bila chuma hakuna kilimo. Mimi naona kipimo ni kama shahidi aliyesimama mlangoni mwa nyumba moja. Atakwambia kweli ya mlango ule. Ukimuuliza habari za kijiji kizima, kosa ni lako. Siku hizi nakisoma kila asubuhi, kisha nachimba mahali pawili mbali nacho, pale juu penye mchanga na kule chini penye udongo mweusi, nafinya. Vikipatana naendelea na kazi. Visipopatana sifungui maji wala sifungi, naanza kwanza kutafuta kwa nini. Ulikuwa umelifanya hilo bila kufundishwa na mtu mwenye cheti. Nimelipata daftari lako ulilotupa nyuma ya jiko. Umepiga mstari katikati ya kila ukurasa, upande mmoja umeandika "Dokta", upande wa pili "mukono". Siku kumi na moja mfululizo Dokta anasema mukavu na mukono unasema maji. Mwisho ukaacha upande wa mukono wazi. Nilizifuata kurasa zile tupu kwa kidole mpaka mwisho wa daftari.

Sitaki uelewe kwamba ninakurudisha kwenye kilimo. Kalemie ni mji mzuri, mama yako mdogo ana duka zuri la vitenge, na vitenge haviozi. Nenda. Lakini uende kwa sababu unataka vitenge, usiende kwa sababu unauogopa mkono wako. Mkono wako hauna kosa. Ni mkono wa mama yako, na ulisoma sawasawa siku ambayo mimi na chuma na kundi zima tulisoma vibaya.

Na kama siku moja utakuwa na cheo, hata cheo kidogo cha kushika funguo za duka, mtu mdogo akija kwako na bonge la udongo mkononi, mtazame usoni kabla ya kumjibu. Sina zaidi ya hapo la kukufundisha. Mengine niliyokuwa nikikufundisha mezani jioni nilikuwa nayasema nikiwa na hili kifuani, na nadhani ndiyo maana yalikuwa marefu.

Upweke wangu nao nikwambie, maana utauona hata nikiuficha. Watu wanadhani nitakuwa mpweke kuanzia kesho. Mimi nimekuwa mpweke tangu siku ile kwenye miti ya ndizi. Tangu mama yako atutoke tulikuwa wawili katika nyumba hii, na mimi nikaweka ukuta katikati, kisha nikawa nakusikia upande wa pili ukiosha vyombo, ukikohoa, ukiimba polepole. Nilikuwa nataka kubisha, nashindwa. Kesho hata kikohozi hicho hakitakuwepo. Naiogopa nyumba hii, Sifa, nakiri, mimi mzee mzima.

Leo umeenda Swima, na leo ni Jumamosi, siku ya kazi ya pamoja. Watu wote walikuwa shambani. Nilisubiri mpaka wamepumzika, wengine wamekaa kwenye ukingo wa mfereji, nikasimama. Walidhani nina tangazo. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe: mgeni, shati jeupe, vumbi kavu, tope la juu. Nikawaambia maneno uliyonijia nayo na jibu nililokupa.

Mtu mmoja alikuwa anatafuna muhogo, akaacha. Kisha Mama Apendeki akaniuliza, bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Prezida, miaka mbili mi napita mbele ya huyu mutoto, simusalimie. We ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

Akatikisa kichwa. Akafungua kitambaa chake, akakifunga upya. "Umenifanya mi muntu mubaya kwa mutoto hana kosa," akasema. "Nyumba yangu itaezekwa siku moja. Ile salamu nitairudisha namna gani?"

Kundi likasema nisikalie tena kile kiti, nikasema ni haki. Wakachukua majembe wakarudi kwenye matuta, nami nikachukua langu nikaja nyumbani. Hakuna aliyenisindikiza. Njia ya kutoka Mutambala mpaka hapa sikuwahi kuiona ndefu namna ile, na ajabu yake, sikuichukia.

Mama Apendeki amesema kesho asubuhi atakuja ziwani kukuaga. Huenda wengine wakaja naye. Hawaji kwa ajili yangu, wala sikuwatuma. Ukitaka kumwitikia, mwitikie. Usipotaka, hakuna wa kukulaumu, mimi ndiye wa mwisho kabisa.

Barua hii nilipoianza nilipanga kuisukuma chini ya nguo zako, uikute Kalemie, ziwa likiwa katikati yetu. Nilikwisha kulegeza mpira wa sanduku. Nikauona mkono wangu unavyosawazisha nguo juu ya karatasi, taratibu, ili usione kitu. Nikaitoa.

Nitakupa mkononi ukirudi, jua likiwa bado juu, kabla hujavua hata viatu. Uisome humu ndani. Mimi nitakuwa nje, kwenye lile jiwe la mlangoni, na sitaondoka hapo. Ukimaliza, njoo uniambie unachotaka kuniambia, kwa sauti yoyote unayotaka, majirani wasikie wasisikie. Safari hii nitakusikiliza mpaka mwisho.

Baba yako